Vestine na Reli Zinazong'aa

Ukungu wa Masisi hauna haraka. Asubuhi nyingi hulala juu ya vilima vya Lushebere mpaka jua lipande, na mtu aliye shambani humsikia jirani yake akikohoa bila kumwona. Katika ukungu huo Vestine aliamka kila siku, akashuka kijitoni na kibuyu chake, akawasha moto, akampelekea Nyogokuru uji wa mtama, kisha akakimbia kumfuata binamu yake Jean-Marie kwenye njia ya shule.

Nyogokuru ndivyo watu wote wa nyumbani walivyomwita mzee Mukamurenzi, nyanya yake Vestine. Miguu yake ilikuwa imevimba, na kwenda kwake hakukupita kizingiti cha mlango. Alikaa hapo akichambua maharage na kuuliza habari za mwanawe. Mwanawe huyo, Mbonigaba, ndiye baba yake Vestine. Alikuwa ameteremka Walikale kwa lori la mfanyabiashara, akapita misitu mikubwa, akafika Kindu kufanya kazi kwenye reli. Tangu aondoke alirudi mara moja tu.

Aliporudi alijaribu kumweleza mama yake treni ni kitu gani.

"Iko kama nyumba nyingi zinafuatana, Mama," alisema.

"Nyumba haitembee," Nyogokuru alijibu, akaendelea na maharage yake.

Basi, mwaka 1954, msimu wa mvua ulipokwisha, gari la misioni lilifika kwenye shule ndogo ya Lushebere likashusha sanduku la mbao. Mwalimu Benoît alilifungua mbele ya darasa la tano. Ndani, kati ya magazeti yaliyokunjwakunjwa, mlikuwa na treni ndogo ya kuchezea iliyotoka Ulaya: kichwa cha treni chenye urefu wa kiganja, mabehewa machache, na vipande vingi vya reli za bati. Kichwa hicho hakikuhitaji moto wala makaa. Kilikuwa na kamani tumboni, ukiizungusha kwa ufunguo kinakwenda chenyewe.

"Padri anataka tuitandike juu ya meza siku ya sikukuu ya shule," Mwalimu Benoît alisema. "Wazazi wengi hapa wana watoto wao kwenye reli, na hawajawahi kuona treni. Nani kati yenu anajua mambo ya reli?"

Darasa lote liligeuka likamtazama Vestine. Hakuwa amesema neno, lakini macho yale yalimwinua kwenye benchi kama mikono.

"Mimi najua, Mwalimu," alisema. "Baba anafanya kazi kwenye njia panda, pale ambapo reli moja inakuwa mbili. Kuna kipande cha chuma kinachosogea, kinaitwa ulimi. Ulimi usipokaza, treni inaanguka."

Wanafunzi waliguna kwa kustaajabu. Mwalimu Benoît alifurahi sana. "Basi wewe utachagua reli na njia panda, uzisafishe, uziweke tayari. Jean-Marie na wavulana watatengeneza meza. Emérita na wasichana watafinyanga vilima vya udongo. Tutaweka stesheni tano!"

Vestine alirudi kwao akitembea kama mtu aliyevishwa nguo mpya. Ukweli ni kwamba yale maneno machache aliyoyasema darasani ndiyo yote aliyoyajua. Baba yake alikuwa ameyasema siku moja akivuta kiko chake, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya ng'ombe wa Kirolirwe.

Nyumbani Nyogokuru aliposikia habari, aliacha maharage yakamwagika.

"Ndiyo treni ile ile yenye ilibeba mutoto wangu?"

"Ni ndogo, Nyogokuru, lakini iko sawa na ile."

"Basi nitaiona. Waambie wajomba zako watanibeba kwa ngobyi." Ngobyi ni machela ya mianzi inayobebwa mabegani, na kwa muda mrefu Nyogokuru alikuwa amekataa kupandishwa humo, akisema ni ya wagonjwa na maiti.

Kesho yake Vestine alimwaga vipande vyote vya reli juu ya mkeka, kwenye chumba kidogo nyuma ya darasa. Mara moja aliona kwamba ni vya aina mbili. Vingine viling'aa kama kijiko kipya. Vingine vilikuwa vyeusi, vizito, na vimeshikwa na kutu. Njia panda zilikuwa tano: nne za kung'aa, na moja nyeusi ambayo ulimi wake ulikuwa umekwama kabisa. Vestine hakufikiri mara mbili. Alikusanya vile vinavyong'aa upande mmoja, na vile vyeusi akavirudisha sandukuni pamoja na ile njia panda mbaya.

Aliviunga vile vinavyong'aa, akaweka kichwa cha treni juu yake, akakisukuma kwa kidole. Kwenye reli iliyonyooka kilikwenda, ingawa kwa kubanwabanwa kidogo. Kwenye njia panda kiliruka kikalala ubavu.

Alikisimamisha, akajaribu tena. Kikaanguka tena. Akajaribu njia panda ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilifanya vile vile. Alisogeza ulimi huku na huko, akauona unakaza vizuri kama baba alivyosema, na bado kichwa kilianguka. Alikuwa amefika mwisho wa elimu yake yote.

Jean-Marie alichungulia mlangoni akiwa na vumbi la mbao kichwani. "Dada, mbona kinaanguka? Labda magurudumu..."

"Usiguse! Wewe baba yako iko kwenye reli?"

Jean-Marie akaenda zake.

Saa ya kurudi nyumbani Mwalimu Benoît aliuliza, "Vestine, reli zinaendeleaje?"

"Vizuri, Mwalimu."

Neno hilo lilikuwa jepesi kutoka, na kesho yake likatoka tena, na siku iliyofuata. Kila lilipotoka, njia ya kurudi ikawa ndefu zaidi. Angesema nini sasa? Kwamba siku zote hizo alikuwa akidanganya? Baba alikuwa mbali, nyuma ya misitu ya Walikale, hawezi kuulizwa. Mama yake, Adelaïde, alikuwa hajui hata gurudumu la treni lina umbo gani. Vestine alikaa peke yake kwenye mkeka akitazama vile vipande vizuri vinavyong'aa, navyo kama vinamtazama.

Mwishowe aliazima nyundo ya seremala, akaanza kugongagonga ndimi za njia panda, akidhani labda zimejikunja. Bati lile lilikuwa jembamba. Ulimi wa kwanza ulipinda. Alipojaribu kuunyoosha, ulikatika ukamdondokea gotini. Aliufunga kwenye jani la mgomba akauficha chini ya mkeka. Aliendelea na nyingine kwa sababu hakujua lingine la kufanya, nazo zikazidi kuharibika.

Siku ya majaribio ikafika. Meza ilikuwa ndefu na imara. Emérita, msichana mdogo kuliko wote darasani, alikuwa amefinyanga kilima chenye vinyumba vya nyasi na ng'ombe wadogo wa udongo, kila mmoja na pembe zake. Reli zilitandikwa. Jean-Marie alizungusha ufunguo, akaachia.

Treni iliondoka kwa sauti ya nyuki. Darasa lilipiga kelele. Ilipofika njia panda ya kwanza ikaruka, ikapita ukingo wa meza, ikaanguka sakafuni. Bomba lake la moshi lilivunjika likabingirika mpaka miguuni pa Vestine.

Mwalimu Benoît aliokota kichwa cha treni, akakitazama juu na chini.

"Vestine, reli uliziangalia zote? Na njia panda?"

Huo ulikuwa mlango, nao ulikuwa wazi. Vestine aliuona. Aliona pia macho ya darasa zima.

"Ziko sawa, Mwalimu," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Kama reli ziko sawa, basi kosa ni la meza. Labda imeinama. Itabidi tuifungue."

Mchana wote wavulana waliivunja meza ile waliyoitengeneza kwa juhudi, wakachonga miguu upya, wakabeba mawe ya kuegemeza, wakapima kwa bakuli la maji. Ili meza ifunguliwe, kilima cha Emérita kililazimika kubomolewa. Emérita alikibomoa mwenyewe. Aliwatoa ng'ombe mmoja mmoja, na wengi wao walivunjika pembe. Hakulia, alikuwa akiuma mdomo tu. Vestine alimsaidia kubeba udongo, na kila bonge lilikuwa zito kama jiwe la kusagia.

Meza iliposimama tena, walijaribu mara ya pili. Treni ikaanguka pale pale.

Mwalimu Benoît alijifuta jasho. "Basi, mashine yenyewe ni mbovu," alisema polepole. "Nitamwambia Padri hatuwezi. Siku ya sikukuu tutaimba nyimbo tu."

Nyumbani Nyogokuru alikuwa amekwisha kufua kitambaa chake cha Jumapili, na kimeanikwa uani. Alimwona mjukuu wake akiingia akiwa ameinamisha kichwa.

"Wajomba zako wamekubali kunibeba," alisema kwa furaha. "Nimewaambia wasinitikise, nataka kufika na macho mazima."

Vestine alitoka akaketi nyuma ya nyumba, kwenye mihogo, akalia bila sauti. Alilia kwa sababu ya Nyogokuru na kwa sababu ya ng'ombe wa Emérita, lakini zaidi alilia kwa sababu hakuona pa kushika. Hakujua kutengeneza reli. Hakujua kurudisha maneno. Alikuwa kama mtu aliyetumbukia shimoni, na kila akishika udongo wa ukingo, udongo unamomonyoka mkononi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mwalimu Benoît alikuwa akipalilia maharage ya shule. Vestine alimfuata mpaka katikati ya matuta, akasimama. Alikuwa na lile jani la mgomba mkononi.

"Mwalimu, shikamoo..." Alianza, akakwama. Kisha akafungua jani. "Ulimi huu niliuvunja mimi. Mashine si mbovu. Meza pia haikuwa na kosa. Mimi sijui mambo ya reli, Mwalimu. Tangu siku ya kwanza sikujua. Najua maneno yale tu ya Baba."

Mwalimu Benoît aliegemea jembe lake. Aliutazama ulimi ule mpaka Vestine akatamani apigwe fimbo, ili angalau kitu kitokee.

"Ulipaswa kuniambia siku ile," alisema mwishowe. "Wenzako wamemwaga jasho lao bure, na Emérita amebomoa kazi ya mikono yake. Hilo utamwambia mwenyewe, si mimi." Kisha akashusha pumzi. "Na mimi pia nina langu. Mimi sijawahi kuona treni hata siku moja. Niliogopa mngejua. Ndiyo maana nilipokupa kazi, sikuja hata kuitazama. Twende tukawaite wenzako."

Kumwambia Emérita kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mwalimu. Emérita alisikiliza akiangalia chini.

"Ng'ombe zangu zilikuwa kumi," alisema tu.

"Nitakusaidia kuzitengeneza tena."

"Wewe hujue kutengeneza pembe," Emérita alijibu. Lakini alikuja.

Wote wanne, Jean-Marie akiwamo, waliketi juu ya mkeka. Mwalimu Benoît alisema, "Hakuna anayejua hapa. Basi tuiulize treni yenyewe." Alilisukuma behewa moja polepole kwenye reli zinazong'aa, nao wakalaza vichwa chini kutazama magurudumu. Ni Jean-Marie aliyeona kwanza. "Linabanwa! Angalia, gurudumu linapanda juu ya reli." Alikata unyasi, akaupima katikati ya magurudumu, kisha akauweka kati ya reli mbili. Nafasi kati ya reli ilikuwa ndogo kuliko ile ya magurudumu kwa unene wa ukucha. Kwenye njia iliyonyooka treni ilijilazimisha ikapita, lakini kwenye njia panda, penye mwanya, gurudumu lilipata pa kupandia.

Walileta reli nyeusi kutoka sandukuni. Unyasi ule ukakaa sawasawa.

"Zile nzuri ni za treni nyingine," Mwalimu Benoît alisema. "Treni ambayo haikuja."

Vestine aliziangalia zile reli zenye kutu, alizozitupa bila kuzijaribu hata mara moja, na aibu ikamjaa upya. Lakini sasa kulikuwa na kazi ya kufanya. Walisugua kutu kwa majivu na kitambaa kilicholowa, kipande baada ya kipande, mpaka vidole vikawa vyeusi. Vipande vilivyopinda waliviweka kando. Vilivyonyooka waliviunga, na kila kiungo walikipitisha kidole wakiwa wamefumba macho, ili ngozi isikie kama kuna ngazi, kipande kimoja kikiwa juu kuliko kingine. Walipoisikia, walitengeneza.

Ile njia panda moja nyeusi ndiyo iliyowachosha. Walidondoshea ulimi wake mafuta ya cherehani waliyoomba kwa mke wa mwalimu, wakaacha yaingie, wakausogeza kidogo kidogo, mpaka ukaachia. Ncha yake ilikuwa nene, haikulala vizuri ubavuni mwa reli. Mwalimu alimpa Vestine tupa ndogo. "Polepole," alisema. "Na ukiona hujui, simama."

Vestine alinoa kidogo, akasimama. "Mwalimu, hapa sijui kama imetosha."

Wakatazama pamoja. Ilikuwa bado. Akanoa tena.

Stesheni tano hazikuwezekana. Njia panda nne zilikuwa zimeharibika kwa nyundo yake, na hata zingekuwa nzima zisingefaa. Walipata njia moja ya mzunguko, na tawi moja fupi linaloishia chini ya kilima kipya cha Emérita. Kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza, na ng'ombe walikuwa wachache. Bomba la moshi halikuungika. Hawakuwa na kitu cha kuliunganishia, na liliachwa hivyo.

Siku ya sikukuu Nyogokuru alifika juu ya ngobyi, akiwa amejifunga kitambaa chake cheupe, akiwagombeza wajomba wawili kila walipokanyaga vibaya. Walimweka karibu kabisa na meza. Jean-Marie alizungusha ufunguo. Treni isiyo na bomba iliondoka, ikazunguka, ikazunguka tena. Kisha Vestine akausogeza ulimi kwa kidole chake, na treni ikaacha mzunguko, ikaingia kwenye tawi, ikasimama taratibu mbele ya ng'ombe wa udongo.

Wazazi walipiga vigelegele. Nyogokuru hakupiga. Alikuwa ameinama mpaka pua yake inakaribia reli.

"Mutoto wangu iko anakaa wapi ndani?"

"Haingii ndani, Nyogokuru. Anasimama hapa chini, kando. Anageuza hiki." Vestine alimwonyesha ulimi. Nyogokuru aliugusa kwa kidole kilichokakamaa.

"Akikosea?"

"Treni inaanguka na watu wake."

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Na atarudi lini?"

Vestine alitamani kusema wakati wa mavuno. Alitamani kusema mwezi ujao. Lingekuwa neno jepesi sana, na lingemfurahisha. "Sijui, Nyogokuru," alisema.

Nyogokuru alimshika mkono, hakuuachia mpaka nyimbo zikaisha.

Jumatatu Mwalimu Benoît alisimama mbele ya darasa.

"Nataka mkumbuke jambo moja," alisema. "Kutojua si kosa. Kila mmoja wetu alizaliwa hajui hata kushika kijiko. Kosa ni kusema 'vizuri' mahali ambapo si vizuri. Ukisema hivyo, wenzako wanakwenda kutafuta tatizo pasipo na tatizo, wanavunja meza nzima na kubomoa vilima, na wewe unabaki peke yako na mzigo usioweza kuubeba. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sema mapema. Mimi pia sikusema mapema, na mimi ni mwalimu wenu."

Kisha akageukia ubao akaanza somo la hesabu za sehemu. Alieleza, akaandika, akafuta vumbi mikononi. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" darasa lilijibu kwa pamoja, kama kawaida yake.

Mkono mmoja ukainuka katikati ya benchi.

"Mimi sijaelewa, Mwalimu," Vestine alisema. Masikio yalimwaka moto.

Kisha, nyuma yake, Jean-Marie akainua mkono wake. Emérita akainua wake. Na mingine ikafuata, mmoja hapa, mmoja pale, mpaka Mwalimu Benoît akacheka, akachukua kitambaa, akafuta ubao wote na kuanza upya.